Muhuri Mgongoni mwa Tausi

Nyuma ya bucha,
Maua.
9 Februari 2024

Mpendwa mjukuu wangu Mahad,

Wewe mtoto, miaka miwili! Hata paka aliyefukuzwa hurudi kuchungulia sufuria. Nakupigia simu, hupokei. Basi karatasi utaishika. Ikran wa duka la jirani ananiandikia, na nimemwambia asilainishe neno.

U mzima? Unakula? Kile kikohozi kiliisha? Mimi ni magoti tu.

Mama yako si mzima. Mahad, Waris anakwisha. Tangu juzi hata uji haupiti. Daktari amenivuta kando, akasema tuite watu wake. Naye Waris anamwita mmoja tu, baba yako. Tangu tumzike babu yako, simu ya huyo mwanangu Sakariye haiingii.

Unazijua stempu za tausi za babu yako. Wa India mwenye shingo ya buluu alimpata, na yule wa kijani wa Java. Wa Kongo, mwenye mkia mfupi usio na macho, alimkosa mpaka kaburini. Huyo ndiye aliyeletwa na baba yako kwa barua kutoka huko huko Kongo mwaka jana, na neno moja tu: “Mama, mbandikie baba.”

Nikafanya kama babu yako alivyonizoesha. Nikailoweka stempu, nikaianika juu ya sinia, nikakutumia kwa gari la miraa kwa kuwa daftari lake la stempu unalo wewe. Bahasha nikawashia jiko. Bahasha yenye anwani, Mahad! Hakuna aliyeniambia, mpaka Ikran juzi, kuwa mtumaji huandika anwani yake nyuma. Nilimchoma mwanangu kwa mkono wangu.

Lakini muhuri wa posta ulimkalia yule tausi mgongoni. Herufi niliziona, ila haziniambii kitu. Gedion, anayepeleka viazi vya Kibirichia hadi mpakani yanakopita malori ya Kongo, ameniambia, “Nyanya, nipe jina la mji tu, madereva wa huko tunajuana. Bila jina nitaanzia wapi? Kongo si kijiji kama Muthara!”

Fungua daftari. Zisome hizo herufi, umpigie Ikran. Leo. Kama zimefifia, tafuta mwenye macho makali. Nakuomba, mimi nisiyeomba mtu.

Shangazi yako Safiya anakusalimu, ndiye anayelala na mama yako hospitalini. Msalimie mkeo Leylo. Mungu akulainishe moyo na akufupishie njia.

Nyanya yako akupendaye hata akikutukana,
Mwanabibi

Ngoja, Ikran, ongeza hili: ukifika, usije kwangu kwanza. Nenda hospitalini, pitia bombani uoshe uso, ndipo uingie. Asikuone umelia.