Leza ni Alhamisi, na Fundi Saa Hajasema Kazi Yake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana nimeshapangiwa upasuaji wa macho kwa leza na mke wangu amegoma kunisindikiza. Mimi ni fundi saa, nina miaka arobaini na sita, sioni mbali tangu utotoni, nikiwa sina miwani nawapita mashemeji njiani bila salamu wanasema najidai, na kazini lazima niivue ndipo nione vyuma vidogo, halafu sikumbuki nimeiweka wapi, mwezi uliopita niliikalia, ya tatu hiyo, na mdogo wangu wa kike, dereva wa lori, alifanyiwa leza akiwa na miaka ishirini na sita na sasa anasoma vibao ambavyo mimi hata nguzo zake sizioni, basi nikapimwa, nikaambiwa macho hayajabadilika miaka mitatu, kioo cha jicho kina unene wa kutosha, sina kisukari wala macho makavu, ila kwenye fomu, penye kazi, niliandika "mfanyabiashara" kwa sababu foleni nzima ilikuwa ya watu wa suti, na mke wangu kila nikifurahi ananiuliza, "Na skrubu utaziona na nini, baba?" Nimlainisheje?

Fundi Niliyechoka Kupapasa

JIBU

Fundi, pole kwa miwani, lakini mkeo usimlainishe. Mshukuru. Ameuliza swali ambalo daktari angeuliza kama usingemficha.

Wewe na mdogo wako si mamoja. Macho ya miaka ishirini na sita bado yanajirekebisha yenyewe, mbali na karibu. Wewe umevuka arobaini, na vya karibu unaviona kwa sababu ya kasoro ileile unayotaka ifutwe. Ikifutwa, utasoma vibao vyote, ila skrubu itakuwa ukungu mpaka uvae miwani ya kusomea. Kwa mfanyabiashara si neno. Kwako ni mkate. Na aibu ya nini kwa kazi iliyokulisha? Mficha uchi hazai, bwana.

Kesho piga simu, ahirisha Alhamisi, mwambie daktari kazi yako bila kuipamba. Huenda akashauri jicho moja liachwe la kuonea karibu. Kisha kaa mezani, vaa miwani yako ya sasa, fungua saa, na usiivue mpaka jioni. Utakavyoona hivyo ndivyo leza itakavyokuachia. Ukiweza kuikamata skrubu, nenda, nami nitakuombea. Ukishindwa, basi umeshayajaribu macho mapya, na ya zamani bado unayo.