Mstari Uliopita Chini ya Chumba Chako

Nyumbani kwa Bibi,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokubana wakati wa baridi kimeachia. Mama alituambia ulikohoa wiki tatu na bado ulikwenda kazini kuchomelea vyuma. Tafadhali pumzika, Mjomba, chuma hakiendi popote.

Sisi huku tu wazima, ila tumechoka. Bibi goti linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Baba macho yake bado yana ukungu wa mtoto wa jicho, na daktari amesema zamu yake ya kupasuliwa itafika mwezi wa kumi. Mama anakwenda kazini na kurudi. Mimi nami ni mzima, mikono tu ndiyo imechubuka, na sababu nitakueleza.

Nimeianza barua hii mara tatu. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametufundisha kwamba barua ya kirafiki hutoa salamu, kisha habari njema, kisha habari nyinginezo. Habari njema ni kwamba nimekuwa wa pili darasani katika hesabu. Sasa naomba uketi.

Habari nyingine ni kwamba chumba chako kimebomolewa, na mstari uliokibomoa niliuchora mimi. Nimeandika hivyo bila kuzunguka kwa sababu Bibi anasema habari mbaya ikizungushwa sana inafika imechoka, na inamchosha anayeipokea.

Nianze mwanzo. Mwezi wa tano ofisi ya maji ilitangaza kwamba bomba kubwa la mtaani kwetu limezeeka, linavuja chini kwa chini, na litafukuliwa lote liwekwe jipya. Lakini ofisini hawakuwa na ramani yake. Aliyejua lilikopita ni Baba, kwa sababu ndiye aliyelilaza miaka kumi na mmoja iliyopita, kabla macho hayajamsaliti na sisi kuhamia hapa kwa Bibi. Na unamjua shemeji yako, hatupi kitu. Kila alipounga bomba alisoma namba mbili kwenye kile kifaa cha kupimia mahali, moja ya latitudo na moja ya longitudo, akaziandika kwenye kikaratasi pamoja na tarehe na saa. Vikaratasi mia mbili na kumi na vinne, vyote ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Mwalimu wa jiografia aliniruhusu kutumia kompyuta ya shule baada ya vipindi. Kazi yenyewe ukiiona ni nyepesi. Unaandika namba kwenye jedwali, jozi moja kila mstari. Programu ya ramani inaweka nukta kwa kila jozi. Halafu unaiambia iunganishe nukta ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nukta peke yake haisemi kitu, Mjomba. Mstari ndio unaosema kwamba bomba lilitoka hapa likaenda pale.

Nilihakiki namba zote mara tatu, kila tarakimu, maana mwalimu alituonya kwamba ukikosea moja nyumba ya mtu inahamia mtoni. Na kwa kuwa vikaratasi vilikuwa vimechanganyika koponi, nilivipanga kwa tarehe na saa. Au niseme kweli: niliiambia kompyuta ivipange.

Baba alipeleka ramani ofisini. Mpimaji akamwambia binti yake ana mkono wa kazi. Nilifurahi siku mbili nzima, hata vyombo niliviosha bila kuambiwa.

Kisha wakaja watu wa ofisi na rangi nyekundu. Kila kilichojengwa juu ya bomba kilipigwa alama, na mwenyewe akapewa notisi ya siku thelathini. Mmoja wao alikuwa Mzee Soli, yule fundi viatu wa pale kona. Walitia alama kibanda chake na chumba anacholala nyuma yake. Alikuja kwetu siku ya pili, notisi mkononi, sindano ya kushonea bado imechomekwa kofiani. Hata salamu hakutoa.

"Fundi, hebu nieleweshe. Bomba lako lilipita chini yangu lini?"

"Si mwaka umeandikwa humo?" Baba alisema.

"Nimesomewa. Mwaka huo mimi nilikuwa nimeshakaa pale miaka tisa. Sasa ulichimba mtaro nikiwa juu yake, au uliniinua na stuli yangu ukanirudisha?"

Baba akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Soli, mimi sijawahi kuchimba kwako."

"Basi limekuja lenyewe kunisalimia! Miaka yote hii nalala juu ya maji, na bado nabeba ndoo kutoka kwa jirani!"

Aliyasema kwa mzaha, lakini aliikunja ile notisi akaichomeka kofiani kando ya sindano. Unamjua, hana mtoto wala ndugu wa kumpokea. Alipoondoka, Baba alinigeuzia uso akasema tu, "Lete kopo."

Tukakaa ukumbini nikimsomea vikaratasi kimoja kimoja na kuvipanga sakafuni kama kompyuta ilivyovipanga. Nikafikia kimoja kilichoandikwa saa kumi na mbili na robo. Nilikiweka mwishoni. Baba alisikia mkono wangu unakwenda mbali, akauliza.

"Umekiweka wapi hicho?"

"Mwisho wa siku, Baba. Baada ya kile cha saa nane."

"Saa kumi na mbili ipi?"

"Ya jioni."

"Jioni? Lini umenisikia nafanya kazi jioni? Hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi, mwanangu. Ndipo nilipokuwa naanzia, kabla jua halijapata nguvu."

Mjomba, hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Sisi siku yetu tunaijua: inaanza saa kumi na mbili, halafu inafuata saa moja. Hata mtoto wa chekechea anajua. Lakini kompyuta inajua tu kwamba kumi na mbili ni kubwa kuliko moja. Kwa hiyo kila siku ya kazi ya Baba, nukta yake ya kwanza ya asubuhi ilitupwa nyuma ya zote. Mstari ulikwenda mpaka mwisho wa mtaro wa siku hiyo, kisha ukageuka na kukata moja kwa moja kurudi ulikoanzia, juu ya vibanda na vitanda vya watu. Namba nilizihakiki mara tatu. Saa sikuzitazama hata mara moja. Niliona ni saa tu.

Kesho yake shuleni nilizipanga upya kwa mkono, nikachora tena. Mstari ulitoka kwa Mzee Soli ukashika uchochoro. Niliufuata kwa kidole juu ya kioo. Ulivuka barabara ya shule, ukaingia uani kwa Bibi, ukapita chini ya chumba chako kutoka pembe hadi pembe. Kwenye ramani yangu ya kwanza nukta mbili za pande mbili za chumba hicho hazikuungana, ndiyo maana hakuna aliyekuja kwetu na rangi.

Wewe hukukosea, Mjomba. Bomba lilipolazwa pale palikuwa na majani matupu, hapana hata kigingi. Ulijenga miaka mitano baadaye. Baba naye anasema alijua lilipita huku kwetu, lakini wapi hasa hakukumbuka. Aliandika ili asilazimike kukumbuka.

Nitakuambia kweli yote, hata sehemu ambayo sijamwambia Mama. Chumba cha kompyuta hakikuwa na mtu mwingine. Baba haoni vizuri, na mpimaji angepokea nitakachompa. Nilibonyeza nukta moja kwa kipanya nikaivuta upande wa ua. Ilisogea bila kelele. Mstari ukatoka chumbani kwako ukalala nje ya ukuta, safi kabisa, kama ndivyo ulivyokuwa siku zote. Niliutazama mpaka kengele ya kufunga ilipolia. Nikawaza wafukuaji watachimba pale nje wasikute kitu, na kuanzia hapo hakuna atakayeamini kikaratasi hata kimoja cha Baba, hata vile vinavyomtoa Mzee Soli kwenye rangi. Nikairudisha nukta mahali pake. Sikuwa jasiri. Nililia kwanza.

Nyumbani niliwaambia wakati wa chakula. Mama aliweka kijiko chini.

"Chumba cha mdogo wangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwezi wa kumi na mbili anarudi. Aje alale wapi? Kwenye ramani yako?"

Niliinamia sahani yangu. Baba naye alitazama sahani yake kana kwamba anaiona. Bibi ndiye aliyesema.

"Soli je, yeye anarudi kutoka wapi? Yeye yupo tayari, na hana pengine." Akaokota kijiko cha Mama akamrudishia mkononi. "Kula. Chumba cha mwanangu hakina mtu ndani. Cha Soli kina Soli."

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, nikamshika Baba mkono tukaenda ofisi ya maji. Tulisubiri kwenye benchi hadi adhuhuri. Mpimaji ni dada mmoja mrefu anayevaa buti hata ofisini. Aliitazama ramani mpya, akatazama jina la mwenye nyumba, akatutazama sisi.

"Watu hupanga foleni hapo nje wakiniomba mstari utoke kwao," alisema. "Ninyi mmekuja kuuomba?"

"Hatuuombi," Baba alijibu. "Umekuwepo siku zote."

Aliniuliza mimi nilikosea wapi. Nikamweleza habari ya saa kumi na mbili. Nilidhani atanigombeza. Alishika kichwa chake kwa mikono miwili, akamwita mwenzake wa meza ya pili akamwambia wafungue upya ramani ya mtaa wa juu, maana vikaratasi vya huko navyo viliandikwa na mafundi wanaoamka mapema.

Walichimba kwanza kuhakikisha. Kwa Mzee Soli walifika kiunoni wakapata kisigino cha kiatu tu, naye akadai arudishiwe, eti ni cha mteja. Kwetu sururu iligonga bomba kabla shimo halijafika magotini. Sauti yake ilisikika hadi jikoni, na Bibi akasema, "Haya, limeitika."

Chumba kilibomolewa Alhamisi. Vitu vyako tulivitoa kwanza: kitanda, sanduku la bati, vitabu vyako vya shule na ile redio isiyo na mgongo. Viko chumbani kwa Bibi, vimefunikwa shuka. Paa lilishuka kwa asubuhi moja. Ukuta wa nyuma, ule uliouinua mwenyewe, uliwashinda mpaka alasiri. Nilitaka ulijue hilo.

Mzee Soli alikuja siku hiyo hiyo na nyundo yake ndogo ya viatu. Hakusema asante wala pole. Alipindua ndoo, akaketi, akaanza kugongagonga saruji iliyoganda kwenye matofali ili yafae kujengea tena.

"Soli, kwa nyundo hiyo utamaliza mwakani," Bibi alimwambia.

"Mama, niache. Tofali ni mteja mzuri, halirudi kesho kulalamika kwamba linabana."

Mimi nasaidia nikitoka shule, na hiyo ndiyo sababu ya mikono yangu kuchubuka. Tangu siku ile ya chakula Mama hakuwa ameniambia neno zaidi ya "kula" na "lala." Jana alitoka kazini, akavua viatu, akaketi upande wangu akachukua tofali. Tuligonga mpaka giza lilipoingia. Kila mara alikuwa akinisogezea yale mepesi.

Sikuombi uniambie kwamba hukukasirika. Ningekuwa wewe ningekasirika. Ninaomba tu usimkasirikie Baba, kwa sababu vikaratasi vyake vyote vilikuwa sahihi.

Mzee Soli anakusalimu sana na anasema ulete viatu vyako vyote vilivyochoka, atavitengeneza na hataki kusikia neno. Baba anakusalimu, anauliza kama huko nako mabomba yanapita chini ya nyumba. Mama hakunituma salamu, ila alipopita na kuona naandika, alisimama nyuma yangu akasema nitengeneze mwandiko, mdogo wake hasomi maandishi ya haraka.

Na Bibi ana swali. Ameniamuru nitafute kwenye ramani mahali uani ambapo mstari haupiti. Nimepapata, upande wa jikoni, hatua tisa kutoka kwenye bomba. Nimepima na Baba, yeye akishika kamba nami nikisoma namba, tukapigilia vigingi vinne. Matofali yaliyosafishika yanatosha kuta mbili na nusu. Bibi anauliza mlango utazame wapi: uani, uwe karibu na watu, au barabarani, uwe na njia yako. Mimi nilisema tukungoje urudi uchague mwenyewe. Bibi akasema mtu hangojewi kwa kiwanja kitupu. Tafadhali jibu, hata kwa neno moja. Tunaanza kuchimba msingi Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi.

Mungu akulinde kazini na akufungulie njia ya kurudi.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda hata kama sasa umekunja uso,

Chiriku