Tarehe Ulizonisomea Kutoka Banalia

Papa Zena, mume wangu,

Mara ngapi nimeanza kukuandikia, nikifika kwenye jina lako mkono unakataa. Leo ni Jumapili. Mtoto wetu Zena amepelekwa kwa mama yako kule Kabondo, nyumba iko kimya, basi niache nikueleze yaliyotokea tangu uondoke.

Mtoto anatembea. Ulimwacha anatambaa, sasa anatembea. Nilikuwa ninatwanga ndizi za makemba za kupika lituma, nikageuka, nikamwona amesimama mlangoni ameshika pazia, halafu akaliachia akaja kwangu. Nikapaza sauti: “Papa Zena, kuja uone!” Majirani wote walisikia. Wakanitazama. Ndipo nikakumbuka.

Siku moja Zena atajua kusoma, na barua hii itakuwa yake. Kwa hiyo naandika hata yale unayoyajua.

Tulifanya kazi pamoja, mimi na wewe, katika ofisi ya ugonjwa wa malale hapa Makiso. Wewe ulitunza ordinateur, kompyuta ya ofisi, mimi nilipiga majina. Ndani yake mlikuwa na majina ya wagonjwa wa eneo zima, na tarehe ya kila mmoja kurudi kupimwa, maana malale hujificha katika maji ya uti wa mgongo na kurudi hata kama mtu anajisikia mzima. Mashine ilitukumbusha zamu ya nani imefika, infirmier, muuguzi wa kijiji, akamwita.

Halafu zikaja disketi za programu mpya kutoka Kinshasa. Ulisema, “Bon, tufanye kopi kwanza, tuijaribu pembeni.” Lakini Citoyen Directeur, mkubwa wetu, alikuwa anangoja wageni, na alitaka waikute mpya inafanya kazi. “Citoyen, hatuna wakati wa kujaribu,” alikuambia. Ukaiweka.

Mashine haikuzimika. Haikulia. Ilianza tu kusoma mwezi mahali pa siku. Tarehe tano ya mwezi wa tisa ikawa tarehe tisa ya mwezi wa tano. Na mtu wa tarehe ishirini, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini, tarehe yake ilifutwa kabisa, na asiyekuwa na tarehe mashine iliandika amepona. Tulipotoa majina ya mwezi uliofuata yakatoka machache mno, ukayatazama, ukakaa. Tukakimbilia disketi za akiba kabatini. Unyevu wa mji huu ulikuwa umezila, zimeota ukungu, hazikufunguka hata moja.

Directeur akasema tungoje Kinshasa watume marekebisho. Nakumbuka ulivyosimama mbele ya meza yake, kofia mkononi. “Bale batu habayapona, Citoyen Directeur. Ni mashine tu inasema bamepona.”

Kila mgonjwa alikuwa na kadi yake nyumbani, na tarehe ya kweli iko juu yake. Ukachukua moto, pikipiki ya ofisi, ukafunga bidoni ya petroli nyuma, ukashika barabara ya Banalia, uzisome kadi kijiji kwa kijiji. Nilikusindikiza hadi pale lami inapoishia. Ulivaa lile koti la mvua la kijani. Hukugeuka, kwa sababu ya mashimo.

Kila jioni nilikaa kwenye phonie, redio ya ofisi ya kuongea na vijiji. Ulikuwa unafika dispensari yenye phonie, unanisomea kwa redio jina, kijiji, tarehe, na mimi ninaandika, kesho yake ninapiga katika mashine, nikitanguliza mwezi ili isikosee tena. Katikati ya majina ulikuwa unachomeka neno: “Mama Zena, mutoto alikula?” Mapadri kwenye redio zao walikuwa wanasikia, wenye malori walikuwa wanasikia, mimi naona haya, najibu na kukurudishia zamu, “Alikula. À toi.” Basi. Mengine yote nilikuwa ninayaweka mpaka urudi.

Jioni ya mwisho ulisema bac, kivuko cha mtoni, imeharibika, utavuka kwa mtumbwi na moto yako, ng'ambo vimebaki vijiji viwili tu. “Miye niko muzima,” ulisema. “Utangulie kulala.”

Kesho yake niliita. “Papa Zena, uko unanisikia? À toi.” Kelele tu. Nikaita tena. Nikaita mpaka akajibu infirmier wa Banalia, na neno lake la kwanza lilikuwa, “Mama, ukae kwanza chini.”

Mto wa Aruwimi ulikuwa umejaa. Mtumbwi uligeuka katikati. Mwenye kuupiga kafi aliogelea akatoka, wewe na lile koti zito maji yakakuchukua. Wavuvi walikupata chini zaidi. Waislamu wa Banalia wakakuosha, wakakuvika sanda, wakakuzika siku ile ile, kwa sababu mwili wako haukuweza kungoja lori la kunileta.

Sikuuona uso wako. Papa Zena, hapo ndipo ninapokwama. Watu wanakuja, wananishika mkono, wananiambia nikubali. Nikubali nini? Mimi nilikuona ukienda na moto. Kuna siku ninafikiri bado unazunguka kule, umekosa tu phonie.

Nilipotoka eda nilirudi kazini. Infirmier wa Banalia alikumalizia vile vijiji viwili. Na kati ya majina uliyonisomea alikuwamo msichana mmoja, Bolaya, ambaye mashine ilikuwa imeandika amepona. Walimpima, malale yalikuwa mgongoni. Walimleta hapa hospitali amelala juu ya magunia ya mchele, hawezi kushika kijiko. Wakamchoma sindano wiki baada ya wiki. Sasa anacheka, anagombana na wauguzi.

Mama yake alikuja ofisini kumshukuru “ule bwana wa moto”. Hakujua. Nilipomwambia alikaa chini sakafuni, akanivuta, nikalia kichwa changu mapajani mwake, mbele ya Directeur na kila mtu. Akaniambia, “Nilimupatia makemba ya kuchoma. Alikula akisimama, akasema iko tamu.” Nikamwomba anieleze tena. Kama ulikuwa umechoka. Kama koti lilikuwa limelowa. Kama ulicheka. Alisema ulicheka, mbuzi alitaka kula kofia yako.

Juma lililopita Kinshasa wametuma disketi nyingine, eti zinarekebisha. Directeur, na nembo yake ya chama kifuani, yeye mwenyewe alizileta mezani kwangu. “Ziingie leo.” Nikasema hapana, kopi kwanza, na majaribio pembeni. Akanitazama, akavuta kiti, akangoja. Hakutaja jina lako. Macho yalimlowa, ndiyo yote niliyopata kwake. Nilijaribu siku tatu. Tarehe zimesimama sawa.

Mume wangu, sina mengine. Nakuahidi hivi: maji yakipungua nitapanda lori la Banalia na Zena mgongoni. Nitaomba wanioneshe mahali walipokulaza. Nitakaa pale mchana mzima, niushike ule udongo kwa mikono yangu, mpaka moyo wangu ukubali kwamba ni wewe. Halafu nitamsimamisha mtoto aje kwako kwa miguu yake.

Mungu akupokee vizuri, Papa Zena. Lala.

Mke wako,
Mama Zena