Nta ya Nyuki kwa Bunduki ya Papa

Quartier Saio, Bunia
Tarehe 12 Agosti 1984

Mpendwa Baba mdogo Athanase,

Nakusalimu kutoka nyumbani kwa kaka yako. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Lubumbashi? Mama mdogo Denise na watoto wanalala vizuri? Siye hapa hatujambo. Mama Bernadette amepona mguu, maharage yameingia ndani, na shule imefungwa, kwa hiyo madaftari ya wanafunzi yameondoka mezani kwangu. Limebaki daftari moja, na ndilo linalonifanya nikuandikie.

Macho ya Papa hayajarudi. La kuume lina ukungu, la kushoto linalifuata. Ile bunduki yenu ya shabaha, inayomeza risasi moja tu kila mara, ilikuwa imeegemea kabati tangu Pasaka. Risasi za kiwanda hazifiki tena Bunia, na zile alizokuwa akitengeneza mwenyewe zilikuwa zinatawanyika kwenye karatasi ya shabaha. Akasema bunduki imezeeka pamoja naye, heri ampe rafiki yake Mzee Mathieu.

Nilimwomba aniachie hadi Jumamosi ya kwanza ya Agosti, siku wazee wanapokutana kupiga shabaha kwenye mteremko wa njia ya Bogoro. Unanijua, siombi kitu mara mbili. Akasema, "Sawa. Lakini kama iko inatawanya bado, Mathieu anaibeba."

Hapo nikaanza. Vipande vya madini ya risasi vinavyosawazisha magurudumu nilipewa na watu wa garage, nikaviyeyusha uani katika sufuria ya Mama ambayo haitapika tena chakula, jambo analonikumbusha kila asubuhi. Kalibu ni ileile yako. Kila kichwa cha risasi nilikipima kwa mizani ya Babu ya kupimia dhahabu, na si kwa vijiti vya kiberiti kama wanunuzi wa dhahabu wa sokoni. Vilivyokuwa vyepesi, vyenye hewa ndani, vilirudi motoni.

Katika daftari nilijiwekea sheria: nibadilishe kitu kimoja tu kila safari, nipige tano, niandike. Mwanzoni nilidhani baruti ni kama chumvi, kidogo kidogo mtu hupata ladha. Niliipunguza, Papa akinisimamia, nikaipunguza tena. Matundu yalikuwa yakitaka kukusanyika, halafu la nne na la tano yanakimbia. Nikichungulia mtutu naona michirizi inayong'aa, madini ya risasi yamejipaka ndani. Nilisugua hadi mikono ikawa myeusi.

Mzee Mathieu alikuwa akija kutazama. Siku moja mvua ilianza, akawaambia wenzake, "Bandugu, tujifiche mbele ya karatasi ya Emérance. Pale hata risasi haifikake." Walicheka wote, na Papa pia. Nilirudi nyumbani, na kwa siku mbili niliwajibu watu kwa kichwa tu. Sijivunii.

Sasa sikia kosa lenyewe. Unakumbuka kwamba Papa hupaka risasi zake nta ya mishumaa ya kanisa ili ziteleze mtutuni. Ndivyo alivyofundishwa alipokuwa akitumikia misa, na mimi nilifuata, nikaomba vipande vya mishumaa vilivyobaki. Jumapili moja nilikaa karibu na altare. Nikakumbuka jinsi Papa anavyosimulia kwamba kanisa la utoto wake lilinuka asali. Mshumaa ulikuwa ukiwaka mbele yangu, na haukunuka kitu. Baba mdogo, sijui hata mahubiri yalihusu nini.

Baada ya misa nilimwuliza mzee Nicolas, anayetunza sakristia. Akanishangaa. "Nta ya nyuki? Ile ilikwishaka zamani, mutoto yangu. Hii inatokaka ku magazini."

Miaka yote hiyo bunduki ililaumiwa kwa uzee, kumbe mishumaa ndiyo iliyobadilika, nta yake siku hizi ni ya kiwandani. Papa aliponisikia akasema, "Na macho yangu nilikuwa ninayasingizia pia." Ukungu wa macho ni wa kweli, lakini nilimwachia furaha hiyo.

Kwa Mama Anastasie, anayeuza asali ya porini sokoni, nilipata nta ya kweli, yenye miguu ya nyuki ndani. Niliichuja, nikaichanganya na mafuta ya ng'ombe mpaka ikawa laini chini ya ukucha. Sikubadilisha kitu kingine.

Jumamosi nilipiga tano kwa mita mia moja. Baada ya risasi ya tatu nilitaka kuacha, niliogopa ya nne. Nikapiga. Mzee Mathieu ndiye aliyekwenda kuchukua karatasi. Alitembea haraka, akarudi polepole. Akamwekea Papa mkononi.

Papa alipitisha kidole gumba juu yake, akahesabu kwa midomo, akaanza tena.

"Umepiga ngapi?"

"Tano, Papa."

"Mbona ninagusa tundu moja?"

Yamegusana, Baba mdogo. Kifuniko cha chupa ya bia kinayafunika yote. Papa akageuka kule alikosikia pumzi ya Mathieu. "Rafiki, weye rudi bure. Hii bunduki haikuwaka mugonjwa." Mzee Mathieu akaweka sahihi yake ya shahidi kwenye karatasi bila mzaha, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Lakini desturi yenu ni sahihi mbili, na ya pili ilikuwa yako. Nilifungua bahasha ya Papa: karatasi zote za miaka sita tangu uondoke zina jina moja tu, la Mathieu, na pembeni kuna nafasi. Nafasi yako hakumpa mtu. Hii ya kwangu nimeikunja ndani ya barua. Usiisaini kwa sababu ni mimi. Chukua kifuniko, pima kwanza, kisha uirudishe.

Unisalimie Mama mdogo Denise, na Camille, ambaye naambiwa sasa ananipita urefu. Papa, Mama na dada Adeline wanawakumbatia. Mungu alinde kifua chako na barabara unazopita.

Mimi, mtoto wako ninayekupenda hata ninaponyamaza,

Emérance Vahwere