Fomu Uliyonijazia Maktaba

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Maharage yameiva, wewe unga tu. Mvua ikija, anua nguo. Mimi nimekwenda maktaba.

Asubuhi nimefungua mojawapo ya zile riwaya tatu ulizoniazimia, ikadondoka fomu uliyonijazia. “Msomaji: bibi kizee. Anapenda: hadithi za upole, zisizomshtua.” Nani kakwambia? Zote tatu ni za wajane wanaomwagilia maua na kusameheana. Nilipofika ukurasa wa arobaini nilikuwa nawaombea kifo wote.

Mimi nataka maiti ukurasa wa kwanza, na mwongo kila chumba. Miaka sita tunalala chumba kimoja, hujaniuliza hata siku moja ninasoma nini. Leo ataniuliza mkutubi, mtu baki, na fomu nitaijaza kwa mkono wangu.

Halafu kile kitabu chako cha upelelezi, unachokificha chini ya mto eti kitanikosesha usingizi, nimekimalizia ulipokuwa unaoga. Naona wewe uko sura ya tatu.

~~Muuaji ni yule daktari wa meno.~~

Nimefuta, nisije nikakushtua.

Bibi yako, mpole