Chumba Nilichokukatalia

Rania mwanangu,

Wali uko chini ya kawa. Mchuzi upashe moto. Babako mpe chai yake ya alasiri, asingoje.

Asubuhi ulipokuwa ukioga simu yako ililia, nikaipokea. Alikuwa dada wa hosteli ya wanafunzi wa uzamili. Akauliza kama bado wataka chumba, na kama utakula kwenye kantini yao. Wallahi nilihisi natukanwa, kana kwamba sikulishi. Nikamjibu, "Mwanangu ana kwao, na kwao kwapikwa." Akasema sawa, basi chumba atapewa mwingine.

Ulipotoka bafuni sikukwambia. Nikakumiminia chai, ukanibusu mkono, ukaenda zako.

~~Na chumba chenyewe kidogo.~~ La, hilo si haki. Miaka miwili wasomea kwenye meza hii hii ya jikoni, nami nakugongea sufuria masikioni, na hujanung'unika hata siku moja.

Nimekwenda chuoni kumwomba yule dada. Nimemchukulia mahamri. Akikubali, godoro nakununulia mimi. Akikataa, meza hii ni yako, mimi nitapika uani.

Na paka usimsahau, mpe samaki wake.

Mamako