Udongo wa Shamba Letu

Wanjiru mjukuu wangu,

Huku Kiganjo tuko salama, ila baridi imezidi. Shosho, nyanya yako, anakusalimu. Ng'ombe wake amezaa ndama jike, naye Shosho amempa jina lako.

Uliniuliza kwa simu kama lile tope jekundu linalofunika matumbawe mnayotunza huko baharini laweza kuwa limetoka kwetu. Nikakuambia nitakuandikia.

Nikiwa kijana nilikata matete yote kando ya mto ili nipande kabeji mistari miwili zaidi. Mvua ilipokuja, mto ukawa rangi ya chai. Mama yangu akaniuliza, "Sasa huo udongo wetu unaenda wapi?"

Nikamwambia, "Si unaenda tu mto Tana, mpaka baharini. Huko hakuna mtu."

Sikujua kwamba matumbawe yana uhai, na kwamba yakifunikwa na tope hukosa mwanga na kufa. Nimelima hivyo miaka yote.

Jumatatu niling'oa kabeji za kando ya mto, nikapanda matete yashike udongo. Shosho yako akauliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia, huko chini kuna mtu.

Guka, babu yako